Wazee Hawaishi Oktoba Peke Yake

Mazungumzo ya Kamati ya Ustawi wa Jamii mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu

 

Kamati yetu imepewa nusu saa. Wengi mnatarajia tusome orodha ya vitu vilivyonunuliwa na vitu vinavyohitajika, kama tunavyofanya kila mwaka. Orodha ipo, mhazini ataisoma. Sisi tumeomba nafasi hii tuzungumze jambo moja tu, nalo ni siku za mzee. Mzee anapoishi kwenye makazi ya wazee, au anaposhinda peke yake nyumbani hapa Kikuyu, siku yake inapita vipi? Na sisi tunaweza kufanya nini, mwezi hadi mwezi, ili siku hiyo iwe na kazi, na maneno, na kicheko?

Tuanze na kosa letu.

Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani. Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Mwaka juzi chama chetu nacho kiliamua kuiadhimisha. Tulikwenda kwenye makazi ya wazee katika kanda yetu hii ya kati. Hatuyataji jina, kwa sababu kosa lilikuwa letu, si lao. Tulifika saa nne asubuhi na magari mawili. Tulikuwa na unga, sabuni za mche, mafuta ya kula, sukari, mashati ya mababu na khanga doti moja kwa kila bibi. Zikatolewa hotuba tatu. Tukapiga picha, zile mlizoziona kwenye kijarida cha mwaka ule. Saa saba mchana tulikuwa tumeshaondoka kwenda kula wali mjini.

Mwezi wa kwanza, mjumbe wetu mmoja alirudi pale kufuata masufuria mawili tuliyoyasahau. Aliwakuta wazee wamekaa kwenye mabenchi yale yale, wameutazama ukuta ule ule. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama. Bibi mmoja alimkaribisha chumbani, na mjumbe wetu akaiona khanga yetu chini ya mto, imekunjwa, iko bado ndani ya mfuko wake wa nailoni. Akamuuliza, "Bibi, mbona khanga huivai?" Bibi akamjibu, "Nivae niende wapi, mjukuu wangu?"

Ndugu zetu, jibu hilo lilitunyima usingizi. Unga tuliopeleka ulikwisha. Sabuni ilikwisha. Kilichobaki kwa bibi yule ni siku, nyingi, zinazofanana, na sisi hatukuwa tumempelekea kitu hata kimoja cha kuziweka ndani yake.

Makazi haya ni ya nani?

Kuna wanachama waliotuambia, "Mila yetu haina mambo ya makazi. Mgogo hatupi mzazi wake." Tunakubaliana nao zaidi ya nusu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inasema hivyo hivyo: familia ndiyo inayobaki kuwa msingi wa matunzo ya mzee, na makazi ni kimbilio la mwisho kwa yule asiye na mtu. Lakini asiye na mtu yupo. Baadhi ya makazi ya serikali tunayoyajua leo yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, kama Sukamahela kule Manyoni. Watu walitengwa na jamaa zao wakiwa vijana, wakapona, lakini njia ya kurudi nyumbani ilikuwa imeshaota majani. Wengine walizika watoto wao wote. Wengine ni vibarua waliokuja kutoka mbali wakafanya kazi hadi nguvu zikaisha, na kijiji walichotoka hakuna tena anayewajua.

Kwa hiyo mzee wa makazi hakutupwa na mila. Mila ilimpoteza njiani. Anayempata ndiye jamaa yake. Sisi tumempata.

Jambo la pili tulilojifunza tulilipata kwa bahati. Mwezi wa tano tuliporudi, tulinunua gunia la karanga zenye maganda, kwa sababu tu zilikuwa za bei nafuu kuliko zilizobanguliwa. Tulidhani tunapeleka chakula. Tulipolimwaga gunia kwenye turubai, wale wazee wa mabenchi walisogea mmoja mmoja. Baada ya muda mfupi hakuna aliyekuwa ameutazama ukuta. Wanabangua, wanabishana, wanatuambia sisi wa mjini hatujui hata kushika karanga. Yule bibi wa khanga alitandaza ungo wake na kuanza kutenga: hii ngozi yake nzima, ya mbegu, hii imepasuka, ya chungu, hii ina ukungu, itupwe mbali. Na hiyo ya tatu si mchezo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara, na ilipita kwenye mahindi kama ambavyo ingeweza kupita kwenye karanga. Bibi yule hajasoma kijitabu chochote cha afya, lakini mikono yake ilikuwa inailinda jamii nzima.

Siku ile hatukutoa hotuba. Tulikaa mpaka jua likaanza kushuka.

Ndipo tukaona kwamba shughuli za wazee hazina haja ya kuagizwa kutoka mbali. Kwenye nchi nyingine makazi ya wazee hupanga shughuli kwa majira: theluji ikianguka wanafanya hili, majani yakichipua wanafanya lile. Nasi tuna majira yetu. Mvua yetu hapa uwanda wa kati ni moja tu, inaanza kuelekea Desemba na kwisha mnamo Aprili. Kisha ni kiangazi kirefu. Mzee wetu aliishi maisha yake yote kwa kufuata saa hiyo. Saa ya ukutani ikisimama, hii ya mvua na jua haisimami. Tukimrudishia kazi ya msimu, tumemrudishia kalenda yake.

Hii hapa kalenda tunayopendekeza.

Novemba na Desemba: kusubiri mvua

Huu ni wakati wa joto kali na vumbi, na mawingu yanayodanganya. Mzee huchelewa kusikia kiu, kwa hiyo kazi ya kwanza ya msimu huu ni maji: ndoo yenye bomba na kikombe karibu na kila anapokaa mtu, na mtu wa kukumbusha. Shughuli zifanyike asubuhi mapema au jioni, kivulini.

Kazi ya wakati huu ni mbegu. Kupukuchua mtama na uwele, kubangua karanga za kupanda, kuchagua mbegu za maboga na za vibuyu. Anayeweza kutembea apande mbegu chache kwenye bustani. Asiyeweza apande kwenye gunia lililojazwa udongo na samadi, likasimamishwa kwenye kimo cha kiti, ili asiiname. Mazungumzo ya msimu huu ni utabiri wa mvua. Waulizeni wazee waliangalia nini: upepo, ndege, maua ya miti. Andikeni kila mmoja alichobashiri, mbandike ukutani, kisha mvua ikija tuone nani alipata. Tulijaribu hili mwaka jana. Babu mmoja aliyekuwa haongei na mtu alikuwa anatoka kila asubuhi kuangalia mawingu, kwa sababu heshima yake ilikuwa imebandikwa ukutani.

Tarehe 9 Desemba ni Uhuru. Mwenye miaka 80 na ushee leo alikuwa kijana mwaka 1961. Anakumbuka usiku ule alikuwa wapi. Waleteni wanafunzi wakae chini wamsikilize. Kisha ije Krismasi, na wana kwaya msiimbe peke yenu. Ulizeni wazee nyimbo wanazozijua wao, muwafuate.

Januari na Februari: mvua na majani

Mvua ikishanyesha, mlenda unaota wenyewe. Wanaojua majani ya porini kuliko afisa kilimo yeyote ni hawa bibi zetu. Vijana wakachume, walete, bibi wachambue na kufundisha: hili linaliwa, hili si lenyewe. Sehemu ipikwe, na sehemu ianikwe na kutwangwa kwa ajili ya kiangazi, kama Wagogo walivyofanya tangu zamani. Kazi ya mlenda mkavu ina faida mbili: mikono inafanya kazi leo, na mwezi wa tisa mzee anakula mboga aliyoitunza mwenyewe.

Tahadhari ya msimu huu ni matope na utelezi. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi hasimami tena kama zamani. Kabla ya kupeleka ngoma, pelekeni mchanga na kokoto za njia ya chooni, na kamba au ubao wa kushikilia. Na mbu ni wengi, kwa hiyo siku moja ya Januari iwe siku ya kushona na kuziba matundu ya vyandarua kwa pamoja.

Februari na Machi zabibu za Dodoma zinaiva kwa mavuno ya kwanza ya mwaka. Kreti moja ya zabibu inatosha kuwafurahisha watu wengi. Lakini ulizeni kwanza nani ana kisukari, msimharibu mtu kwa upendo.

Machi na Aprili: kuamia ndege

Hili ndilo tunalolipenda zaidi, na lilitoka kwa wazee wenyewe. Tulipowauliza wakiwa watoto walifanya nini mtama ukianza kutoa suke, walicheka wote: kuamia ndege! Basi limeni matuta machache ya mtama na uwele karibu na baraza. Tungikeni makopo kwenye kamba, na mwisho wa kamba afungiwe mzee kwenye kiti chake kivulini. Kweleakwelea wakitua, anavuta kamba, makopo yanalia, ndege wanaruka. Ni zoezi la mikono na macho, na ni kazi ya kweli, kwa sababu asipovuta, mtama unaliwa. Kuna mzee aliyepooza upande mmoja ambaye mkono wake mzima ulilinda matuta manne hadi mavuno. Hakuna aliyemwambia kwamba anafanya mazoezi. Aliambiwa kwamba ndege wanakuja.

Tarehe 12 Aprili tunamkumbuka Edward Moringe Sokoine, aliyefariki mwaka 1984 kwa ajali ya gari akitoka hapa Dodoma bungeni. Tarehe 26 Aprili ni Muungano. Hizi ni siku za kuketi na kukumbuka. Msiwape wazee hotuba. Wao ndio hotuba.

Mei na Juni: mavuno

Kuvuna, kupura, kupepeta, kubangua. Mwezi huu tupeleke kazi tu. Apepete anayeweza kusimama, atenge anayekaa, ahesabu madebe asiyeona vizuri, kwa kupapasa. Na mavuno yakiisha, pikeni ugali wa uwele kwa mlenda, mzee mmoja awe mkaguzi wa ugali. Tuliwahi kupeleka wali na nyama tukidhani ndiyo heshima. Walikula, wakashukuru. Tulipopeleka uwele, waliomba kuongezewa.

Julai na Agosti: baridi na upepo

Watu wa pwani huwa hawaamini tunapowaambia Dodoma kuna baridi. Julai usiku mzee anatetemeka, na kifua kinaanza. Kabla ya mwisho wa Mei, mablanketi, soksi na kofia za sufu viwe vimefika. Vikifika Agosti mmechelewa. Shughuli zihamie kwenye jua la asubuhi: kuota jua kwa pamoja huku wakisuka vikapu, wakisafisha vibuyu, wakifuma kofia. Jioni iwe ya hadithi na vitendawili. Moto wa mkaa usiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mara moja. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Hapa tukumbuke waliougua ukoma. Vidole vyao havisikii joto, na mtu anaweza kuungua bila kujua. Shughuli yoyote yenye moto au sufuria iwape kazi nyingine, na vikombe vya chai viwe vyenye mkono na vya kufunika kwa kitambaa.

Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane. Viwanja viko hapa hapa Nzuguni. Pelekeni wazee siku ya kawaida ya katikati ya wiki, siyo siku ya kilele yenye msongamano. Wawaone ng'ombe, wakague mtama wa mabwana shamba, na waukosoe. Kwa wengine hii itakuwa mara ya kwanza kutoka nje ya geti kwa miaka mingi. Hapo ndipo khanga itakapovaliwa.

Septemba na Oktoba: ubuyu, zabibu na ngoma

Agosti na Septemba ni mavuno ya pili ya zabibu. Kiangazi ni wakati wa ubuyu pia: kuvunja mabuyu, kutoa unga, kutengeneza ubuyu wa watoto. Shule iliyo jirani ikinunua ubuyu huo, fedha yake iwe ya wazee, waamue wenyewe wanunue nini. Kwenye makazi tuliyojaribu, waliamua kununua betri ya saa ya ukutani na tumbaku ya kunusa. Betri tuliipigia makofi. Juu ya tumbaku tulitaka kubisha, kisha tukakumbuka kwamba fedha si yetu.

Na ngoma. Ugogo ni nchi ya muziki. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliichukua ilimba na zeze kutoka nchi yetu hii akazifikisha kwenye majukwaa ya dunia, na akafundisha wengi Bagamoyo. Muheme ni ngoma ya wanawake, na ndani ya makazi wapo bibi ambao mikono yao iliipiga. Waleteeni ngoma, msiwaletee spika.

Makosa mengine tuliyoyafanya

Tunasema hivyo kwa sababu spika tuliileta. Oktoba iliyopita tulikodi muziki mkubwa. Babu mmoja alishikwa na kizunguzungu, akina bibi wawili wakafunga milango yao. Tulikuwa tumeandaa sherehe ya vijana mbele ya wazee. Tukaizima. Bibi mmoja akaomba apewe debe tupu, akaligeuza, akaanza kulipiga taratibu. Saa nzima iliyofuata ndiyo ilikuwa sherehe yenyewe.

Kosa lingine: tuliwaita wote kwa pamoja na kuwalazimisha washiriki. Mzee si mtoto wa chekechea. Anayetaka kukaa chumbani kwake akae, apelekewe habari na salamu. Umoja wa Mataifa mwaka 1991 uliweka kanuni kuhusu wazee, na miongoni mwa mambo yake makubwa ni uhuru, ushiriki na heshima. Kwa Kiswahili chetu cha Kikuyu ni hivi: muulize kwanza, na akikataa, elewa.

Kosa la tatu ni picha. Tumepiga picha za wazee wakipokea sabuni bila kuwauliza. Kijarida cha mwaka huu, kama mlivyoona, hakina picha ya mzee anayepokea kitu. Kina picha tatu tu, za watu wakifanya kazi, na wote walikubali. Mmoja alitaka kwanza avae kofia.

Na mwisho, wafanyakazi wa makazi. Wako wachache, na kazi yao ni ya kuosha, kupika, kugawa dawa na kuamka usiku. Tusiwaletee shughuli ya kuwaongezea mzigo. Anayekuja na karanga aje na mikono ya kufagia maganda.

Na wale walio nyumbani?

Ndugu zetu, tusimalize bila kujitazama. Kikuyu tuliyokulia siyo hii ya leo. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na hasa tangu serikali ilipohamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, mji umetuzunguka pande zote. Pale palipokuwa Mazengo Sekondari sasa ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mashamba yamekuwa viwanja, viwanja vimekuwa nyumba za kupanga. Ni maendeleo, na wengi wetu tumenufaika. Lakini mzee aliyekuwa anakaa nje akasalimiwa na kila apitaye, sasa yuko nyuma ya ukuta na geti. Watoto wako kazini, wajukuu wako shule, msichana wa kazi ana simu yake. Mzee huyo hana haja ya kwenda makazini ili awe kwenye makazi. Ameshafika.

Tunajua tunayoyasema, kwa maana baadhi ya wazazi hao ni wetu sisi wajumbe wa kamati. Tunatuma fedha kila mwisho wa mwezi. Tunapiga simu na kuuliza, "Umekula? Umekunywa dawa?" Ni maswali ya nesi. Ni mara ngapi tumewauliza, "Mvua unaionaje mwaka huu?"

Kwa hiyo kalenda hii ni ya makazi, na ni ya nyumbani pia. Tunapendekeza kila mtaa uwe na kivuli kimoja, kwenye ua wa kanisa, wa msikiti au wa mwanachama, ambapo mara mbili kwa wiki wazee wanakutana kwa kazi ya msimu: karanga, mbegu, ubuyu, bao. Nesi mmoja apite kupima shinikizo la damu. Ramadhani ikifika, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, ratiba ihamie jioni na futari iwe ya wote. Wanafunzi wa chuo walio jirani zetu wana miguu na wana simu za kurekodi. Wakusanye maneno ya Cigogo, majina ya majani, habari za reli iliyofika Dodoma mwaka 1910 kama wazee walivyosimuliwa na baba zao. Na wakipatikana wafadhili wa nauli, wazee wapelekwe kuiona treni ya umeme. Walioikimbilia treni ya moshi wakiwa watoto wana haki ya kuikagua hii nayo.

Tunachoomba

Miaka yote tumewaomba mchangie "siku ya wazee". Mwaka huu tunaomba miezi.

Mwaka una miezi 12. Tunataka kila mwezi uwe na wenyewe. Wana-Kikuyu wa Dar es Salaam mnaweza kuchukua Julai, mlete mablanketi kabla ya baridi; treni ya sasa haiwapi tena kisingizio cha umbali. Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa mnaweza kuchukua Mei. Vijana wa bodaboda, chukueni Agosti, mwezi wa safari ya Nzuguni. Waliosoma darasa moja, ukoo mmoja, kwaya moja, wanaosali msikiti mmoja: chagueni mwezi. Atakayechukua mwezi ataleta vitu vinne: chakula cha msimu, kazi ya msimu, kitu cha kutunza afya ya msimu, na watu wa kukaa. Cha nne ndicho kigumu kupatikana, na hakina risiti. Angalau nusu siku, mara mbili ndani ya mwezi huo, mkiwa mmekaa chini.

Wasioweza kufika watoe fedha, na kamati itanunua kwa niaba yao; hesabu zitasomwa mbele yenu hapa mwakani, shilingi kwa shilingi. Wasio na fedha wala nafasi, tafadhali leteni mbegu. Mfuko mmoja wa mbegu za mtama unafanya matuta ya msimu mzima.

Fomu ya miezi iko ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki. Oktoba tumeshaichukua sisi kamati, kwa sababu ndiyo tuliyoiharibu. Imebaki miezi 11.

Tumalizie na yule bibi. Agosti, wazee walipopelekwa Nzuguni, basi lilikuwa linasubiri getini saa mbili asubuhi na yeye hakuonekana. Mjumbe wetu alimfuata chumbani. Alimkuta amesimama, mfuko wa nailoni uko kitandani, mtupu, na anahangaika kuifunga khanga ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Akamwambia mjumbe wetu, "Nisaidie hapa mgongoni, mjukuu wangu, gari lisije likaniacha."

Halikumwacha. Ndugu zetu, chagueni mwezi.